Bunduki Chini ya Kibao

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimeosha kibao. Vumbi la pikipiki linakifunika kila siku, halafu watu wanasema hawakukiona. Nakisugua kwa sabuni mpaka ile bunduki iliyochorwa ionekane vizuri na mstari mwekundu uliopita juu yake. Hakuna silaha ndani ya maternité, nyumba yetu ya kuzalishia. Hata asiyejua kusoma anaelewa. Wengine wanajua kusoma na hawaelewi.

Nimefagia getini. Nimegombana na Mama Joselyne kwa sababu ya moshi wa mandazi yake. Kawaida. Mama huyu alikimbia Burundi na watoto na sufuria moja, na leo anatawala ukuta wangu wote wa mbele.

Asubuhi pikipiki ilileta mwanamke mwenye uchungu, na mume wake nyuma. Koti la askari, kandambili miguuni, bunduki begani. Wa serikali au wa porini? Sijui. Makoti yanauzwa sokoni kama viazi. Siku hizi siulizi, naonyesha kibao tu. Mke aliingia. Mume akabaki nje, bunduki magotini, na wanawake waliokuja kupima mimba wakawa wanapita wamejibana ukutani. Nikamwambia aiegemeze kwenye nguzo ya kibao kama wanavyofanya wote.

"Papa, utaichunga?"

Nikamjibu mimi nachunga mlango. Akacheka. Kijana kabisa. Anajing'ata kucha.

Amekalia kiti changu mpaka nimemaliza kazi. Hilo limeniudhi kuliko bunduki.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mtoto wa kike. Baba mtu alinishika mikono yote miwili. Akanunulia kila mtu mandazi. Mama Joselyne ghafla anampenda.

Mchana wakaruhusiwa. Dereva mbele, mama katikati na mtoto kifuani, baba nyuma amewakumbatia wote. Niliwafungulia geti zima kana kwamba ni harusi. Wakashika njia ya Swima. Nikarudi kwenye kiti changu, hatimaye.

Ndipo Mama Joselyne akaita: "Papa Wilondja, na ile kintu?"

Iko pale. Imeegemea nguzo, chini kabisa ya kibao. Mkanda wake ulikatika zamani, umeungwa kwa kipande cha kitenge cha njano.

Nilikimbia barabarani nikipunga mikono kama kichaa. Vumbi tu.

Titulaire, muuguzi wetu mkuu, alitoka na glavu zake mkononi. Mwanamke asiyepandisha sauti hata siku moja. Akaangalia, akasema mtu asiiguse. Sawa. Halafu? Kuiingiza ndani haiwezekani. Kibao kinakataa, na mimi ndiye ninayekisugua. Kuiacha nje haiwezekani pia, watoto wa shule wanapita hapa wakirushiana mateke. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Kanuni inasema isiingie. Haisemi iende wapi.

Tumetoa nyuma kile kitanda kibovu cha chuma tukakiweka mbele yake kama uzio. Mama Joselyne ametandika vitenge juu yake. Ukiwa barabarani unaona mtu anaanika nguo. Basi nimeshinda nimekaa mbele ya nguo.

Titulaire amempigia mkuu wa mtaa. Mkuu wa mtaa amesema hiyo ni kazi ya kambi. Kambi imesema watakuja. Mlinzi mwenzangu wa usiku amefika, ameinua kitenge, amerudi nyumbani kuchukua rozari yake.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Kambi haikuja.

Kila mtu ana shauri lake. Dereva mmoja wa pikipiki anataka tuitupe ziwani. Katekista wetu anasema tungoje, mwenyewe atarudi tu, mtu hasahau kitu kama hicho. Mkunga anasema tuite kambi tena. Baadaye Mama Joselyne, akigeuza mandazi, akasema: "Kwetu tulikimbia juu ya bunduki moja kama hii. Walisema iko yetu." Akaendelea kugeuza.

Nimerudi mbele ya nguo, nimekaa.

Nikimpa nani nitakuwa nimefanya vizuri? Kambi ikiichukua, yule kijana akirudi kwa wakubwa wake mikono mitupu, watamfanya nini? Kama ni wa serikali, jela. Kama ni wa porini, sitaki kuandika. Tukikaa nayo, kesho itasemwa maternité ya Baraka inaficha silaha, na tutakwenda wote, mimi, titulaire na wakunga. Nilimwambia aiegemeze pale. Ni mimi niliyemwambia.

Mchana wakaja vijana wawili. Hawakuwa na koti wala bunduki. Walisalimia vizuri mno.

"Papa, ndugu yetu alisahau kintu yake hapa. Alitutuma tuikamate."

Wanajuaje? Sijui. Nguo zilizoanikwa zisizokauka, nadhani, zimeongea. Nilikuwa karibu kuwapa. Naandika ukweli: nilitamani mtu yeyote aichukue iondoke machoni pangu. Mdomo ukauliza wenyewe, sijui ulipata wapi akili:

"Ndugu yenu alizala nini, kijana ao binti?"

Wakatazamana.

"Kijana."

Nikasema basi huyo si ndugu yenu, mwenye kitu hiki ana binti. Mrefu wao akatabasamu. Akasema watarudi na mtu anayejua kuhesabu watoto. Waliondoka polepole, bila haraka yoyote. Mama Joselyne akaniletea chai yenye sukari nyingi, bure. Bure! Ndipo nikaelewa kwamba mambo ni mabaya.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Siku mbaya.

Wale vijana walirudi. Sasa ni wanne. Walisimama tu ng'ambo ya barabara wakila miwa. Watu wakaanza kujaa kuwaangalia, na waliojaa wakaleta wengine. Pikipiki ikaja na mwanamke mjamzito, amemshika dereva shingoni, anahema. Akaona watu. Upepo ulikuwa umekunja kitenge, akaona na mtutu. Akampiga dereva mgongoni ageuze. Nilipaza sauti: Mama, ingia, ni salama! Maneno gani hayo. Mimi mwenyewe nisingeingia.

Walipotelea kwenye njia waliyojia.

Nilikwenda kumwambia titulaire. Kwa mara ya kwanza nimemwona anakaa chini wakati wa kazi. Kisha akavua koti lake jeupe, akaniambia: "Chunga mlango." Akaenda kambini kwa miguu, peke yake. Alikaa kwenye geti lao mchana kutwa, nimeambiwa. Kila aliyemwuliza shida yake alimjibu kwamba anangoja.

Mwanamke yule alizaa kando ya njia, kwenye shamba la mihogo, dereva ameshika shuka na kugeuza uso. Walimleta jioni. Mtoto analia vizuri. Mama ana homa na amepoteza damu nyingi. Wakunga wako naye.

Nimekasirika. Nimemkasirikia yule kijana na kucha zake, hao vijana wa miwa, kambi. Nimekikasirikia na kibao. Tulikiweka ili wanawake wasiogope, na sasa kitu kinachowaogopesha kinakaa kwenye nguzo yake hiyohiyo. Sielewi tena kazi yangu ni nini.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Wamekuja. Gari moja, askari na luteni wao. Vijana wa miwa waliyeyuka kabla injini haijazimwa.

Titulaire alikuwa amemwita mkuu wa mtaa na katekista wasimame waone, ili isije ikasemwa kesho kwamba tuliitoa chumbani. Nilivuta kitanda. Askari mmoja mzee akapiga magoti, akaitazama kwanza bila kuigusa, akatufukuza sote nyuma. Akatoa magazini. Akavuta chuma cha pembeni, risasi ikaruka ikaangukia kwenye mchanga. Ilikuwa ndani, tayari. Kidole cha mtoto mmoja tu kingetosha. Mama Joselyne alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Luteni akaniuliza ni ya nani.

Nikasema ya baba mmoja.

Jina?

Nikasema mimi nachunga mlango, majina yanabaki ndani. Akamgeukia titulaire. Titulaire akasema ndani kuna wagonjwa, na majina ya wagonjwa hayatoki. Sauti yake ileile ya kila siku. Luteni alipiga kelele, akasema tunaficha adui, akanisukuma kifuani nikagonga nguzo. Mkuu wa mtaa akaanza kuomba kwa maneno matamu. Mwisho wakapanda gari, wakaenda na bunduki. Kipande cha kitenge cha njano kilikuwa kinaning'inia dirishani.

Nilitarajia nitafurahi. Sikufurahi. Mgongo unauma. Nimekirudisha kitanda nyuma ya nyumba.

Mama wa shambani homa imeshuka.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Misa. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa natafuta koti lile kati ya wanaume waliokaa kushoto. Makoti matatu. Hakuna aliyejing'ata kucha.

Kama amekufa, nimemwua mimi. Kama angeichukua tena, labda angemwua mwingine. Nimezungusha hivi na hivi. Haikai sawa upande wowote.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Hakuna kitu. Vijana wa miwa hawajarudi. Nimegombana na Mama Joselyne kuhusu moshi. Tumefurahi wote wawili.

Jumanne, tarehe 25 Juni

Siku ya chanjo. Foleni mpaka kwenye ukuta. Nilimtambua kwanza yule binti wa kijana wa bunduki, kwa nyusi zake zilizopanda juu kama anayeshangaa, kama siku ile walipoondoka. Kisha mama yake. Alikuja peke yake.

Alisimama karibu na nguzo, akaangalia chini pale, kwenye mchanga. Nikamwambia ilichukuliwa na kambi, jina halikutoka. Akaitika kwa kichwa. Nikamwambia pole, tulijaribu kuwakimbilia siku ile, vumbi likatuzidi. Nikauliza mume wake yuko wapi.

Akasema hajui. Mume alimfikisha Swima kwa mama mkwe, akalala siku moja, akavua koti akaliacha kwenye msumari, akaondoka. Labda Lulimba kwenye machimbo ya dhahabu, labda ng'ambo ya ziwa. Vijana walikuja kumtafuta. Walipekua nyumba, wakachukua mbuzi wa mama mkwe, wakaenda.

Nikasema: kusahau kumoja tu, na tazama.

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mzee.

"Hakusahau, Papa. Pale kwa daraja dereva alimwambia, chef, mkubwa, bunduki yako imebaki. Akasema: endesha."

Alitaka kutoa kadi ya mtoto, mikono haikutosha, akanipa mtoto nimshike. Mwepesi. Ananuka maziwa. Siku zile zote nililinda kitu ambacho mwenyewe alikuwa amekitupa. Yule mwanamke alizalia shambani kwa sababu hiyo. Nami nilimwonyesha kijana yule mahali pa kukiweka. Niwe na hasira naye au nimshukuru Mungu kwa ajili yake, sijui. Nilikuwa na binti yake mkononi, sikuweza kuwa na hasira.

Aliuliza kama iliwaletea matatizo. Nikasema hapana.

Baada ya wao kuondoka wakaja wanaume wawili na mgonjwa. Wenye makoti. Nikawaonyesha kibao. Wakaegemeza bunduki zao kwenye nguzo, mmoja upande huu, mmoja ule, wakaingia. Nimekaa kwenye kiti changu kuzitazama. Walipotoka nilifungua mdomo niwakumbushe, kama nilivyojiapiza kumkumbusha kila mtu kuanzia sasa.

Maneno yalichelewa kidogo, labda kwa makusudi. Walizichukua wenyewe. Nikafunga geti, nikachukua sabuni ya kibao.