Siku Niliyokuita Shemeji

Mpendwa Tusekile, mke wa marehemu kaka yangu,

Nimekaa nje ya nyumba niliyopewa kama mwinjilisti hapa Iringa. Jua la asubuhi linanipiga mgongoni, lakini baridi bado haijaniachia vidole, kwa hiyo usitegemee mwandiko mzuri. Najua una mume mwingine huko Uyole, na watoto, na barua hii haina haki ya kufika mikononi mwako. Ndiyo maana naweza kuiandika kwa uhuru. Neno uhuru lenyewe siku hizi liko kila mahali. Hata wazee wakitoka ibadani wanabishana Tanganyika itakuwaje wazungu wakiondoka. Mimi nasimama katikati yao, naitikia kwa kichwa, huku nakuwaza wewe. Mwinjilisti wa watu, jamani!

Nakumbuka kaka Yohana alivyokuleta. Alikwenda Mbeya kufanya kazi ya uashi, akarudi na wewe. Kihehe hukujua hata neno moja, ikabidi nyumba nzima iongee Kiswahili. Mama alichoka siku ileile ya kwanza, akanituma mimi niwe mkalimani. Nilikukuta umesimama uani, umejifunika shuka mpaka kichwani.

"Kwetu Uyole kuna baridi," ulisema, "lakini hii yenu ina meno."

Nikacheka, na hapo nikawa nimekwisha.

Kwetu mdogo mtu ana ruhusa ya kumtania mke wa kaka yake na kumwita mke wangu. Ruhusa hiyo niliitumia bila haya. Nikirudi kutoka shamba la pareto, nilianza kupaza sauti hata sijafika uani: "Mke wangu, leo tunakula nini?" Nawe ulijibu kutoka jikoni, "Mume gani huyu, hata kuni haleti!" Kaka alikuwa wa kwanza kucheka. "Mchukue," aliniambia siku moja, "ila ujue anakoroma." Ukamrushia gunzi la mahindi. Wote tulicheka, na mimi nilicheka kuwazidi wote, kwa sababu mimi peke yangu sikuwa natania.

Wakati ule nilikuwa najifunza uinjilisti. Nilifanya mazoezi ya mahubiri nyuma ya zizi, nawahubiria mbuzi, na wewe jikoni unaitikia "Amina!" mahali pasipo na amina yoyote. Nilijifanya kukasirika. Mpaka leo nikisimama madhabahuni, kuna mahali nanyamaza kidogo katikati ya sentensi, nasubiri. Waumini wanadhani nawapa nafasi ya kutafakari.

Kisha kaka akashikwa na kifua majira ya baridi, na hakupona. Nilimlilia, Tusekile. Nilimlilia kwa moyo wote, usidhani vingine.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ukakaa. Hamkuwa mmejaliwa mtoto, na baba mkubwa akakuita mbele ya watu. Alisema nawe kwa upole, na kwa Kiswahili, ingawa Kihehe ulikuwa umekishika tayari: "Mwanangu, wewe ni wetu. Ndugu za marehemu hawa hapa. Unaweza kurudi kwenu, hatukufukuzi wala hatukushiki. Lakini kama unabaki, sema, unamtaka nani?"

Hukuinamisha macho kama wajane wengine. Ulinitazama mimi.

"Baba, kwani hamjamsikia huyu anavyoniita kila siku?"

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. Mama alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kila mtu alinigeukia, na nyuso zao zilikuwa za furaha. Nilisimama nikiwa nimevaa koti la mazishi. Nikasema, "Mimi ni mtu wa kanisa. Kanisa limekataza kurithi wajane. Huyu ni shemeji yangu."

Sikuwahi kukuita hivyo hata mara moja. Ulikaa chini taratibu, ukasema, "Sawa." Basi.

Mimi niliyekukataa ndiye niliyepewa kazi ya kukurudisha kwa baba yako. Tulipanda lori la mahindi, tukakaa juu ya magunia, kifurushi chako kati yetu. Tulipofika Igawa, dereva alisimama kutia maji kwenye injini iliyochemka. Nikanunua wali na samaki kwa mama mmoja kando ya barabara. Hukula. Ulikuwa unautengeneza wali kwa vidole, unauvunja, unautengeneza tena.

"Niulize kitu," ulisema. "Chochote. Mpaka Uyole bado mbali."

Nilielewa. Nataka ujue kwamba nilielewa. Nikakuuliza kama unataka chai.

Ulicheka, halafu ukajifunika shuka usoni mpaka kwenu. Nikakukabidhi kwa baba yako kwa maneno mazuri yenye adabu. Alinisifu. Alisema hajapata kuona kijana mwenye kushika wajibu kama mimi. Nilirudi na sifa hizo, na watu wa hapa wakaniongezea nyingine.

Habari za kuolewa kwako zilinifikia. Niliomba, nikakuombea heri, na usiku ule sikula. Mimi sikuoa. Mwanzoni watu walisema ni utakatifu. Baadaye wakaanza kunong'ona, mpaka mchungaji akaniita nyumbani kwake tuongee juu ya jambo hilo. Ndipo nikamsimulia habari zako. Nilisimulia kwa majivuno, Mungu anisamehe. Nilitaka aone nilichokiacha kwa ajili ya kanisa.

Mchungaji aliweka kikombe chini. "Wakati ule ulikuwa na mke?"

"Sikuwa na mke."

"Na yeye alikutaka mwenyewe?"

"Alinitaka."

"Sasa nani alikukataza? Tunachokataa ni mjane kugawiwa kama mbuzi. Mngekuja wawili mmeshikana mikono, ningewafungisha ndoa hapahapa." Akanitazama kwa huruma iliyonichoma kuliko fimbo. "Mbona hukuniuliza?"

Nilimjibu kwamba sikujua, na kweli sikujua. Lakini nimelifikiri swali lake siku nyingi, na leo naweza kukuambia wewe jibu nililomficha yeye. Sikuuliza kwa sababu niliogopa angeniruhusu. Ningekuoa, kila mtu uani angekumbuka miaka yote ile ya vicheko, na angejua kwamba nilikupenda kaka yangu akiwa hai, akila nami sahani moja. Hilo sikuweza kulibeba mbele za watu. Wajibu ulikuwa karibu, nikauvaa.

Nilikupenda, Tusekile. Nakupenda hata sasa, na nakutakia mema wewe na nyumba yako yote. Siku ile ulijitokeza mbele ya ukoo mzima ukasema unanitaka, na mimi nilijificha nyuma ya kanisa, nikakuacha umesimama peke yako.

Kaa salama huko Uyole.

Ni mimi,
mdogo wake Yohana