Lete, Shosti

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mazoezi ya mpira wa wavu leo Mkuza, hapa Kibaha; maseta wa kupanga pasi ni mimi na Atupele tu. Kwanza mpira ukutani kwa vidole, viganja visiguse. Vidole vinauma hadi kushika kalamu tabu! Halafu pasi ya nyuma. Unampa mpigaji mgongo, yeye anaita "Leta!", unamjibu "Chukua!", unaurusha juu kupita kichwa chako. Kugeuka marufuku. Mwalimu Ephraim anasema seta akigeuka tu, wapinzani wameshajua mpira unakwenda wapi. Usikilize sauti, urushe.

Mpigaji wangu sasa ni Selina. Alikuwa Hamisa. Tumemzika mwezi uliopita kwao Kisarawe — ajali ya bodaboda. Sijazoea. Selina naye anaita kama anauza samaki. Basi tutazoeana.

Jumatano, 6 Agosti
Jua lilikuwa linazama. Nyuma yangu: "Lete, shosti."

Si "leta" — "lete"! Aliyekuwa akiita hivyo ni Hamisa peke yake, mwalimu alimkemea afuate mwito wa timu mpaka akachoka. Nikanyamaza. Mikono ikarusha yenyewe, pasi safi, lakini ikampita Selina juu kabisa. Hamisa alikuwa mrefu kuliko sote.

Nikamuuliza Selina kwa nini kaniita vile. Kasema hajaita, alikuwa kainama anafunga kamba za viatu. Wallahi nilisikia.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimempigia Bibi simu Kisarawe. Sikumwambia yote. Kanikumbusha yale yale ya tangu utotoni: ukiitwa magharibi na mtu usiyemwona, usiitike. Ukiitika umemkaribisha.

Haya, leo nimenyamaza pasi zote. Matokeo yake Selina hakujua mpira unakuja, ukampata puani. Damu! Mwalimu kafoka, seta bubu wa kazi gani? Keshokutwa kwenye mechi ya Kisarawe anachagua timu ya mkoa, na nikinyamaza tena nafasi anampa Atupele.

Naitaka nafasi ile! Tuliahidiana na Hamisa tutakwenda wote. Sasa niitike au nisiitike? Mungu wangu.

Jumamosi, 9 Agosti
Niko kwa Bibi, Kisarawe. Naandika haraka.

Mechi ilichelewa kuanza. Pointi ya mwisho jua linazama. Selina kateleza, kaanguka mbele yangu — namwona kabisa, kakaa chini. Nyuma yangu hakuna mtu. Mpira unanijia.

"Lete, shosti."

Mdomo ukajibu wenyewe: "Chukua!" Nikarusha nyuma. Nikasikia kiganja — paa! — na mpira ukadunda kwao, kwenye kona.

Vigelegele! Mwalimu kanishika mabega, eti nimewazuga, wote wanangoja pasi mimi nauvusha mwenyewe. Nimechaguliwa. Nimechaguliwa! Ila sikuuvusha. Mpira niliurusha juu. Selina aliona. Hakushangilia. Kaniuliza kwa sauti ndogo, nani kaupiga?

Nikacheka.

Sasa nimekaa mkekani, mgongo mlangoni, mpira wangu mapajani. Bibi yuko uani anatawadha. Kuna raba zinatembea mchangani. Nilidhani Selina kanifuata — lakini Selina kaondoka na wenzake, wameshafika Kibaha.

Kaita. Nimenyamaza.

Maji ya Bibi yamekoma. Ananiambia kutoka uani, taratibu, Biubwa mjukuu wangu, usiitike na usigeuke.

Sigeuki, Bibi. Ila kuitika nilishaitika uwanjani. Na naogopa, naogopa sana, lakini nimemkumbuka zaidi ya ninavyoogopa.

Kaita tena. Yuko kizingitini. Bado anasema "lete".

Naweka kalamu chini. Pasi inataka mikono yote miwili.