Mabaki ya Kichupa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wanao wote. Natumaini goti lako limepunguza ukaidi na sasa unapanda ngazi bila kumtukana aliyezijenga. Mimi mzima. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Zaidi ya hapo sina la kukueleza, na ndiyo maana nimechelewa kukuandikia.

Chumba cha mama nimekifagia. Nguo zake nimezikunja na miwani yake nimeiweka juu ya redio, pale alipopenda kuiweka halafu akaitafuta nyumba nzima. Niliifanya kazi hiyo huku nasikiliza matangazo ya mpira, na nilipomaliza nikaenda kupika.

Kliniki ni ileile. Chumba cha kulia wanaingia wanaotaka kunyooshwa makunyanzi, cha kushoto wenye shingo zilizopinda, kope zinazojifunga zenyewe, na mikono iliyokakamaa baada ya kiharusi. Dawa yao wote ni moja, botoksi, na inatoka friji moja, ila wa kulia hupitia mlango wa nyuma wakiwa na miwani ya jua hata siku za mvua. Juzi mke wa mwenye duka la viatu alilalamika kwamba mumewe hajui tena lini yeye amemkasirikia. Daktari akamwambia aendelee hivyo hivyo, ndoa itadumu.

Unakumbuka mkono wa mama ulivyokuwa. Ngumi imejifunga, kucha zinamchoma kiganja, na sisi hatuwezi hata kukisafisha. Nilipompeleka chumba cha kushoto nilimweleza ukweli, kwamba dawa hiyo asili yake ni sumu, ila kidogo tu kikipimwa vizuri hulegeza msuli uliokaza. Akajibu kwamba yeye ameishi na mawifi miaka yote hiyo, sumu gani tena itamshtua. Wiki ya pili vidole vikaanza kuachia. Nilimwosha kiganja kwa maji ya uvuguvugu, taratibu. Kitu cha kwanza alichofanya na mkono ule ni kunishika paji la uso.

Hapo ndipo nilipolazimika kumweleza desturi yetu ya mabaki. Kichupa cha dawa kikishafunguliwa, daktari wetu hakiweki hadi kesho, na kumwaga hataki. Basi jioni tukifunga, kinachobaki anatuchoma sisi wa mapokezi kwenye paji, kwa sababu anasema mapokezi yenye makunyanzi yanamfukuzia wateja. Mama alinipapasa, akasema paji langu limekuwa kama sahani, hajui kama nimekasirika au nimeshiba. Akaniomba nimrudishie uso wa mwanawe auone kabla hajaondoka.

Nilimwomba daktari aniruhusu nipumzike, akakubali shingo upande. Miezi ikapita, mikunjo ikarudi mmoja mmoja. Mama aliipokea kama wageni. Huu wa baba yenu, huu wa bibi yenu, huu sijui umetoka wapi, labda ni wa jirani. Alicheka mpaka akakohoa. Wakati anatuacha, paji langu lilikuwa limesharudi lote.

Ya msibani unayajua, ila kuna moja nimelijua majuzi tu, shangazi alipokuja kuniona. Kumbe watu walikuwa wakinisema. Wamesema nina macho makavu, nimewamiminia wageni chai kama niko arusini, na kwamba mimi niliyeishi na mama ndiye niliyemzika kama mama wa mtu mwingine. Shangazi akaniambia kwamba wewe, na goti lako lile, ulisimama katikati ya sebule ukawaambia wanikome. Ukasema mdogo wako anachomwa sindano kazini, uso wake umekufa ganzi, lakini moyoni analia kuliko wote. Sasa wananionea huruma, na shangazi mwenyewe aliniomba radhi huku ananishika mashavu.

Asante, dada. Hakuna aliyewahi kunitetea hivyo. Ndiyo maana siwezi kukuficha hili.

Sindano ilikuwa imeshaisha nguvu. Halafu dawa yenyewe haiui hisia, inalegeza msuli tu, na mimi nilichomwa paji peke yake. Kidevu changu hakijawahi kuguswa na sindano. Wewe ndiye uliyenipa jina hilo la Kidevu, maana tulipokuwa wadogo kilitetemeka kwanza kabla machozi hayajaja, nawe ulikimbia kumwita mama kabla sijapiga kelele. Siku zote za msiba nilikingoja. Niliingia bafuni, nikajitazama kwenye kioo, nikakunja uso kwa makusudi. Ukakunjika vizuri. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, na hakuna kilichokuja. Mpaka leo hakijaja. Nilimpenda mama, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu, lakini silisikii popote. Naogopa, na hata hofu yenyewe naiona kwa mbali.

Jana jioni daktari aliniita, akasema mabaki yapo na mapumziko yangu yamezidi. Nikakaa kwenye kiti. Niliwaza kwamba nikichomwa, yale uliyowaambia watu yatakuwa kweli, na hakuna atakayenidai chozi tena. Alikuwa ameshanifuta paji kwa pamba, baridi ile ya spiriti imeshaingia. Nikamwambia basi. Alinuna, akakitupa kichupa. Nikafunga mapokezi, nikarudi nyumbani.

Dada, goti likikuruhusu, njoo. Usinitetee tena kwa mtu yeyote, na wala usiniletee chochote. Kaa tu mbele yangu kama zamani, ukitazame kidevu changu. Siku kikianza kutetemeka, safari hii usikimbie kumwita mtu. Kaa hapo hapo.

Msalimie shemeji, mwambie redio aliyoitengeneza bado inaongea. Wanao wabusu wote, na yule wa mwisho umbusu mara mbili kwa niaba ya bibi yake. Nakutakia usingizi mwema na ngazi chache.

Ni mimi mdogo wako,
Kidevu