Baraka za Mdomo wa Kokoo

Kwako Baba Wambui,

Huku Kitengela tuko salama, ni upepo na vumbi tu vinatusumbua. Nyanya yangu, Kokoo, ametoka hospitali! Ule uvimbe wa ndani ya sikio umetolewa. Unakumbuka daktari alituonya kwamba umekaa juu ya mshipa wa fahamu unaoendesha uso, na mdomo ungeweza kupinda. Kokoo akamwambia, "Masikio niko nayo mawili, mdomo ni mmoja. Chunga huo." Basi wakaukwangua polepole wakichungulia kwa hadubini, na kamashine kakilia kila walipokaribia mshipa.

Sikio hilo halisikii tena. Lakini leo, kabla hata ya chai, Kokoo ameomba aletewe Wambui wetu, akakunja midomo na kumtemea mate ya baraka kwenye paji la uso, pu, pu! Yametua sawasawa. Nyumba nzima tumepiga makofi, mama analia huku akicheka.

Najua kwenu mate ni matusi, lakini sijampangusa. Kokoo anasema wewe ndiye unafuata. Njoo na hilo paji lako pana, hata mimi nimelikumbuka.

Wako, Mama Wambui