Divai kwenye zulia la Mama Govender

Alhamisi

Kumbe walikuwa wananitazama! Nilimwaga tone tu la divai chini, nikamtaja marehemu mke wangu, kama tunavyofanya kwetu Kongo kabla ya kunywa. Kuinua macho, mama wanne wa mtaa wa Berea nao wanamwaga, tena kwa adabu, kwenye zulia jeupe la Mama Govender, mmoja wao.

Nikajua wamedhani ndivyo Wafaransa wanavyofanya. Mwalimu wao wa Kifaransa si ni mimi, niliyeacha shule darasa la sita! Na Jumamosi wanapanda ndege, wakale jibini na kuonja divai hukohuko Ufaransa.

 Nikala jibini yao yenye ukungu, inanuka soksi za askari, nikasema tamu kabisa. Lakini moyoni iko moto. Wakimwaga divai kwenye hoteli za watu watafukuzwa kama kuku, na aibu ni yangu.

Jioni hii nikampigia simu Mama Govender. "Mama, ile ya kumwaga si ya Wafaransa. Ni ya kwetu, kwa ajili ya wafu."

 Eish, nikasema moyoni kazi imekwisha.

"Anko, tulikusikia ukimwita mkeo. Mimi nilimmwagia mume wangu. Safari hii tuliipanga mimi na yeye, akafa kabla."

Nikavua kofia, kama vile ananiona.

"Huko Ufaransa nitammwagia bustanini," akasema.

"Na zulia, mama?"

"Zulia utakuja kulisugua kesho kwenye somo. Kwa Kifaransa."