Mama Asiyekaa Chini

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, naomba msaada maana nimefika ukingoni. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu alifariki kabla mvua hazijaanza, na tangu tulipomzika sijakaa bure hata kidogo, nikimaliza kushona nafagia, nikimaliza kufagia nafua mashuka ambayo hata hayajachafuka, majirani wananisifu eti mwanamke jasiri, nami nacheka nao, kumbe naogopa nikitulia tu nitalia, na nikianza kulia sitanyamaza.

Juzi mteja karudisha suruali amefura, mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, mafundi wenzangu wakacheka wee, "Mama, leo umekunywa nini?", nami nikacheka, kumbe mikono yangu ilikata kwa kipimo cha mume wangu, maana mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni na mimi ndiye niliyemshonea miaka yote ya ndoa yetu. Nikaomba radhi, nikakata nyingine papo hapo.

Lakini kinachoniua ni binti yangu wa miaka saba. Kila akitoka shule alikuwa anasimama pembeni ya cherehani, "Mama, njoo tukae," namwambia subiri nimalize mshono huu, nikiumaliza nashika mwingine, mara nampa vifungo achambue ili asinisumbue. Sasa haji tena. Wiki hii mwalimu wake kaniita, akaniambia mtoto anawaeleza wenzake kwamba baba yake amekufa, ila wasimwambie mama, mama bado hajui.

Nimewaza nimpeleke kwa shangazi yake mpaka nipate nguvu. Nifanye nini?

Fundi aliyechoka

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Pole ya kwelikweli. Haya, sasa nikugombeze.

Umpeleke kwa shangazi? Mtoto kamzika baba, sasa akose na mama? Thubutu! Wanaokusifu ujasiri hawajui wasemalo. Jasiri ni huyo mdogo, anayebeba msiba peke yake ili wewe usiumie. Mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umeficha kilio chenyewe, kikatokea kwenye mkasi.

Unaogopa hutanyamaza? Utanyamaza. Mimi nilimlilia marehemu wangu nikadhani nitakauka, na leo niko hapa nakukaripia.

Fanya hivi, tena leo, si kesho. Akirudi shule, funika cherehani, ukae naye mlangoni. Usishike sindano, usichambue mchele, usiguse simu. Wateja wasubiri, hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa gauni. Jirani akiuliza mnafanya nini, mjibu hamfanyi kitu. Wala usiniandikie kunishukuru, hiyo nayo ni kazi. Kaeni tu mpaka mtoto akuegemee, na machozi yakija yaache yaje.

Kisha mwambie kwa mdomo wako mwenyewe: "Baba amekufa, mwanangu. Najua."