Diski Isiyofanya Kazi Jumapili

Baba Lavinia,

Viazi vikuu vimeiva, viko kwenye sufuria. Ile diski nyeusi usiitupe kwa hasira, haina kosa. Mpigie Lavinia huko Auckland umwambie aache kulia.

Napeleka kompyuta kwa fundi, mjini Nuku'alofa. Asubuhi hii, ulipokuwa shambani, imekwaruza kwa ndani mara tatu, ikazima, haijawaka tena. Nikasema hakuna neno, si Lavinia aliipanga inakili kila kitu kwenye diski, yenyewe, kila wiki? Nikaenda kuifungulia diski kwa jirani yetu Sela. Hamna kitu kipya humo tangu siku tuliyoinunua, mwaka jana.

Unajua Lavinia aliipangia siku gani? Jumapili, saa nane mchana, tukiwa tumelala baada ya ibada. Na wewe, mzee wa kanisa, kila Jumamosi jioni unazima swichi ukutani ili hata mashine iishike Sabato yetu ya Jumapili!

Zile nyimbo mama yako alizoimba wiki ile kabla hajatutoka zimo kwenye kompyuta hiyo tu. Fundi kasema kwenye simu atajaribu. Hakuahidi.

~~Sitakusamehe.~~

Nguo zianue, mvua inakuja. Lavinia nimemwambia kuanzia sasa iwe Jumatano.

Na hapo juu nimefuta kwa sababu kila Jumamosi nilikuona ukizima ile swichi, nikakusifu mbele ya watoto.

Mama Lavinia